Mshipi Uliozunguka Bure

Gaudensia alikuwa na maoni kuhusu kila mtu wa mtaa wa Kanyenye, na hakuna aliyepona. Muuza mkaa alikuwa mwizi wa wazi, muuza nyanya mwizi wa kujificha. Kwaya ya kigango iliimba kama watu wanaofukuzwa na nyuki. Zuwena, mpangaji wake wa chumba cha uani, alikuwa mtu mwema, ila chapati zake zingeweza kuzibia pancha. Haya hakuyasema kwa hasira. Aliyasema kwa sauti ileile aliyoulizia bei ya dagaa, na ndiyo maana yaliuma.

Maisha yake ya kazi aliyamaliza kwenye jiko la shule ya bweni, akisonga ugali kwa mwiko mrefu kumshinda yeye mwenyewe. Kazi ile ilimpa mabega mapana na imani moja isiyotikisika, kwamba binadamu akiachwa peke yake ataunguza sufuria. Alipostaafu alikaa nyumbani msimu mmoja wa mvua. Mumewe Vedasto alikuwa ameshafariki, kwa hiyo watu walikuja kumpunguzia upweke. Wakakaa, wakanywa chai yake, wakamwambia maisha ndivyo yalivyo. Mvua zilipokatika alinunua ndoano na nailoni, akapanda pikipiki mpaka bwawa la Igombe, akaanza kuvua samaki.

Wanaume wa Igombe walivulia pamoja, wamejipanga ukingoni kama kunguru, wakibishana Simba na Yanga mpaka samaki wote wakahamia upande wa pili. Gaudensia alikwenda kukaa upande huo wa pili. Alivulia kwa mkono, mshipi ameuzungushia chupa tupu ya maji, chambo chake utumbo wa kuku. Alipata kambare, mara nyingine perege. Wanaume wakasema ana bahati. Naye akasema wana midomo.

Mashine ilikuja kwa basi kutoka Mwanza. Elieth, binti yake aliyeolewa huko, aliipata kwa bosi mmoja aliyekuwa anahama nchi na kugawa vitu vyake. Ilikuwa fimbo nyepesi ya kuvulia pamoja na ile mashine inayofungwa kwenye fimbo na kuzungushwa kwa mpini, ikiwa na bobini ya kuviringia mshipi, ya bati jeupe linalong'aa. Mshipi wake ulikuwa mpya, umeviringwa kwenye kigurudumu cha plastiki. Haukuwa nailoni. Ulikuwa mshipi wa kusuka, wa kijani, mwembamba kama uzi wa kushonea viatu.

"Mama, siku hizi watu ndiyo wanavyovua," Elieth alimwambia kwenye simu. "Shemeji amesema huo mshipi unaweza kuvuta ndama."

"Igombe hakuna ndama majini," Gaudensia alijibu. "Na shemeji yako alishindwa kuvuta hata mzigo wangu pale stendi." Lakini alipokata simu aliigeuza ile mashine huku na huku, akaupenda mlio wake.

Aliufunga mshipi siku hiyohiyo, uani. Aliuosha mguu, akakibana kile kigurudumu cha plastiki katikati ya vidole vya mguu huo, akapiga fundo la ncha ya mshipi juu ya bati tupu la bobini, akaanza kuzungusha. Ulikuwa unaingia vizuri, mstari kando ya mstari, kijani kinang'aa. Alijisikia kama mtu anayeonyesha watu jambo, ijapokuwa uani hapakuwa na mtu. Kisha akasikia kikohozi, akajua mtu yupo.

Juu ya ukuta wa matofali uliotenganisha nyumba mbili kilikuwa kimechomoza kichwa cha Anton.

Anton alikuwa jirani, mstaafu wa reli, na katika orodha ya watu waliodharauliwa na Gaudensia yeye alishika nafasi ya kwanza bila mpinzani. Moyoni alimwita Redio. Anton alikuwa amemzidi umri, kwa hiyo kila asubuhi ilimbidi Gaudensia amsalimie shikamoo, na kila asubuhi neno hilo lilimtoka nusu, kama mtu anayetema mbegu ya limau. Kudharau huku kulikuwa na chanzo. Siku ya maziko ya Vedasto, Anton aliombwa aseme machache kwa niaba ya majirani. Alisimama mbele ya jeneza akaeleza jinsi alivyokuwa msaidizi wa mkuu wa stesheni kule Tura, na jinsi alivyosimamisha treni ya mizigo kwa sababu ya ng'ombe, na alichoambiwa na mkubwa wake, na alichomjibu, mpaka padre akaanza kuangalia saa. Vedasto mwenyewe alitokea mara moja tu katika hotuba ile, kama abiria aliyeshuka Tura kununua asali. Gaudensia alikuwa amekaa mstari wa mbele kwenye mkeka, amejifunika kanga, na hakuwa amesahau hata neno.

"Mama Elieth," Anton alisema, "huo mshipi ungetaka mtu wa kukushikilia. Nizunguke nije?"

"Nina miguu, Mzee Anton."

"Naiona. Lakini mguu haukazi kama mkono. Sisi kule Tura, waya wa simu tulipokuwa tunauviringa..."

"Ugali wako unaungua," alisema Gaudensia. Anton alikuwa mjane na alijipikia mwenyewe, kwa hiyo uwezekano huo ulikuwapo daima. Kichwa kikashuka.

Tatizo la mtu kama Anton, Gaudensia alijiambia, ni kwamba anasema mengi mno kwa siku. Lazima katika kapu lote hilo lipatikane moja la kweli, na hapo ataringa mwaka mzima. Akaendelea kuzungusha.

Jumamosi alikwenda Igombe na fimbo yake. Masolwa, kijana wa bodaboda ambaye alivua kuliko alivyobeba abiria, alimsalimia kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka, mayu," yaani umeamkaje mama, akaiangalia ile mashine kwa jicho la tamaa. Wenzake nao wakasogea. Gaudensia alirusha. Ndoano ilikwenda mbali, mbali kuliko alivyowahi kutupa kwa mkono, ikazama katikati ya bwawa, na wanaume wakanyamaza. Kimya kile kilimpendeza zaidi ya samaki.

Halafu samaki akaja. Fimbo ilipinda mpaka ncha ikagusa maji. Alikuwa kambare mkubwa, wa aina inayokaa chini kwenye tope na kuvuta kama mtu mwenye kinyongo. Gaudensia akashika mpini na kuzungusha. Mpini ulizunguka vizuri kabisa. Mashine ililia vizuri kabisa. Mshipi haukuja hata kidogo. Akazungusha kwa nguvu zaidi, akaangalia chini, akaona ule uzi wote wa kijani unateleza juu ya bobini kama tairi la lori kwenye matope ya Machi, unazunguka, hauendi popote, huku kambare anaondoka zake.

Alifanya kile ambacho angefanya kwa nailoni. Aliukamata mshipi kwa kiganja cha kushoto akauvuta. Mshipi wa kusuka hauna huruma hiyo. Ulipita kwenye nyama kama kisu kinavyopita kwenye nyanya. Aliachia. Fimbo ikanyooka, na alipovuta tena ulikuja mwepesi, bila samaki na bila ndoano.

"Mashine mbovu hiyo, mayu," alisema Masolwa, akimpa leso yake afunge mkono. Leso ilikuwa chafu. Gaudensia alimwambia hivyo, akaifunga.

Kwenye zahanati walimsafisha, wakamshona, wakampa bandeji na roli ya plasta ya kitambaa ya kwenda nayo nyumbani. Kutoka hapo alipitia kwa Godbless, fundi wa simu na redio, ambaye kibanda chake kilikuwa na bango la kudai anatengeneza kila kitu. Godbless hakuwahi kuiona mashine ya kuvulia maishani mwake. Jambo hilo halikumchelewesha. Aliifungua, akaimwaga juu ya gazeti, akapuliza, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya.

"Breki imekufa, mama."

"Ilikufa kwa ugonjwa gani?"

Godbless aliinamia kazi. Alisugua, akapaka grisi, akarudishia. Juu ya gazeti ilibaki pete ndogo ya bati.

"Na hii?"

"Hiyo ya ziada."

"Waliotengeneza waliiweka ya ziada," alisema Gaudensia, "ili siku moja ukutane nayo." Aliichukua pete, akaichukua mashine, akaenda zake. Toka siku hiyo breki ililia kama bawaba ya mlango wa choo, lakini ilifanya kazi, kwa kuwa haikuwa imekufa.

Nyumbani aliketi kwenye kigoda, mashine mapajani, mkono mmoja mzima. Aliuangalia ule uzi wa kijani. Akausukuma kwa kidole gumba. Uzi wote ukazunguka kwa pamoja, fundo na vyote, kama bangili kwenye mkono wa mtu aliyekonda. Bobini yenyewe haikusogea. Hapo akaelewa, na cha kwanza alichohisi kilikuwa aibu, kitu ambacho alikuwa hajakutana nacho kwa muda na hakukitambua mara moja. Hakukuwa na ubovu wowote. Nailoni huvutika kidogo, ikishaviringwa inabana. Huu wa kusuka hauvutiki. Juu ya bati tupu, linaloteleza, hauna pa kung'ang'ania, na fundo lake alilolipiga kwa mbwembwe lilikuwa linateleza pamoja na mengine yote. Tena ulikuwa umelegea. Mguu haukuwa umekaza.

Dawa ya kuteleza ilikuwa mezani. Aliurudisha mshipi wote kwenye kile kigurudumu cha plastiki, akakata kipande cha plasta ya zahanati, akakibandika kwenye bati la bobini kwa meno na mkono mmoja, akapiga fundo juu ya kile kitambaa. Fundo likashika. Lakini kuzungusha kulitaka mkono mmoja, na kukaza kulitaka mwingine, tena wenye nguvu, na wake ulikuwa ndani ya bandeji. Zuwena alikuwa sokoni na chapati zake mpaka jioni. Mke wa mwenye duka alikuwa na mikono kama makaroni. Katibu wa jumuiya ya kanisa angekuja, na angeanza kwa sala. Aliwapitia watu wote wa mtaa mmoja mmoja akiwatupa, mpaka akabaki mmoja.

Alikwenda ukutani. "Mzee Anton. Shikamoo."

"Marahaba, Mama Elieth. Pole na mkono. Nilisikia, nikasema nitakuja kukuona, lakini goti..."

"Njoo unishikilie mshipi."

Alikuja haraka kuliko goti lilivyoruhusu, amebeba kiti chake mwenyewe, kiti cha mbao kilichosukwa kamba, kana kwamba nyumba ya Gaudensia haina viti. Fulana yake ilikuwa imegeuzwa, mshono nje. Gaudensia aliiona mara moja akaiweka akiba kwa wakati mzuri.

Walikaa wakitazamana. Alimpa kile kigurudumu cha plastiki kikiwa kimepitishwa kwenye penseli, na kitambaa kilicholowa maji cha kuubania mshipi. "Bana hapa, juu ya kitambaa. Kaza. Nikizungusha, nataka ushikilie kama mtu anayeninyima."

"Nimeelewa."

"Hujaelewa. Umeshika kama unashika kifaranga."

Anton akakaza. Gaudensia akaanza kuzungusha kwa mkono wa kulia, fimbo ameibana chini ya kwapa. Mshipi ukaingia mgumu, umenyooka, ukilia kidogo kwenye kitambaa. Ulikuwa mzuri. Ulikuwa mzuri mpaka Anton alipofika Tura. Alikuwa anaeleza ng'ombe alivyosimama kwenye reli, na kwa kuonyesha pembe zilivyokaa akainua mikono yote miwili. Penseli ikadondoka, na mizunguko iliyofuata ikaingia imelegea kama tambi.

Gaudensia aliacha kuzungusha. Akaitazama penseli pale chini, kisha akamtazama Anton.

"Samahani," alisema Anton.

"Utoe mpaka pale palipoharibika. Wewe. Mimi nina mkono mmoja."

Akatoa. Akainama kuokota penseli, akapuliza vumbi, akabana upya. Safari hii hakusema kitu. Wakazungusha kwa kimya, na kimya cha Anton kilikuwa kigeni kiasi kwamba Gaudensia alishindwa kukivumilia. Kile alichokuwa amekikalia tangu siku ya maziko kikatoka chenyewe.

"Siku ile tunamzika Vedasto," alisema, bila kuinua macho kwenye bobini. "Ulipewa nafasi ya kusema. Ukazungumzia ng'ombe."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Anton alitazama kitambaa. Maji yalikuwa yanamdondokea kwenye suruali. "Nilikuwa nimejiandaa kumsema yeye. Nikasimama, nikakuona umekaa pale. Nikaona ninachokijua hakisemeki."

"Ulijua nini wewe? Mlikuwa mnasalimiana tu."

"Alikuwa anakuja kwangu jioni. Wewe ukiwa bado uko shuleni jikoni, na hata ukisharudi. Anapita njia ya nyuma. Anakaa kwenye kiti hiki nilichokalia. Mimi naongea, yeye kimya. Nilimwambia, Vedasto, mbona unanivumilia, watu wote wananikimbia. Akasema, 'Anton, wewe unaongea, lakini hunisahihishi.'"

Mpini ulizunguka. Mshipi uliingia. Gaudensia aliona mkono wake wa kulia ukifanya kazi kama mkono wa mtu mwingine. Alikumbuka kumwambia Vedasto jinsi ya kushika kikombe. Jinsi ya kukunja shati, jinsi ya kufunga geti bila kulibamiza. Wiki za mwisho hospitalini, Mungu amsamehe, alimwambia jinsi ya kukohoa. Alikuwa sahihi kila mara. Vedasto alikuwa anashika kikombe vibaya kweli.

Alitafuta kitu cha kumwambia Anton. Fulana ilikuwepo, mshono nje, imekaa tayari kabisa. Wakati mzuri ulifika, ukapita.

"Kaza," alisema.

"Nimekaza."

Na alikuwa amekaza kweli. Waliendelea hivyo mpaka mshipi ukajaa karibu na ukingo wa bobini. Gaudensia akausukuma kwa kidole gumba. Haukusogea. Akausukuma tena, kwa nguvu, kama mtu anayetaka ushindwe. Haukusogea. Anton alibeba kiti chake akaondoka, na jioni ile sauti yake ilisikika ng'ambo ya ukuta akimsimulia mtu kwenye simu namna mshipi wa kisasa unavyofungwa.

Mkono ulipopona alikwenda Igombe. Anton naye alikwenda. Hakualikwa. Alitokea tu asubuhi akiwa na kofia na kiti, akaingia kwenye bajaji, na Gaudensia akasogea kumpisha kwa sababu kumshusha kungechelewesha safari. Bwawani aliketi nyuma yake akaongea na Masolwa kuhusu mabehewa.

Kambare alikula kabla jua halijawa kali. Hakuwa yule wa kwanza, au kama alikuwa yule alikuwa amekonda kwa majuto. Fimbo ikapinda, breki ya Godbless ikapiga kelele, wanaume wakaacha mpira wakaja. Gaudensia akazungusha, na mara hii kila mzunguko ulirudi na mshipi. Samaki alivuta, akavutwa, akavuta tena, na ule uzi wa kijani ukakaa palepale alipouweka. Masolwa aliingia majini mpaka magotini akamtoa kwa mikono.

"Ulikuwa unateleza huu," alisema Masolwa, akiigusa bobini. "Nani kakufungia?"

Anton tayari alikuwa amesimama, amefungua mdomo, ameinua kidole kimoja.

"Nilizungusha mimi," alisema Gaudensia. "Alishikilia yeye. Mara ya kwanza alishikilia ovyo, mara ya pili alishikilia sawasawa."

Anton akafunga mdomo. Alionekana kama mtu aliyetunukiwa kitu na hajui akiweke mfuko gani. Masolwa akauliza kama mayu anaweza kumfungia na wake, akajibiwa kwamba kwanza akanawe mikono.

Walirudi mjini mchana, kambare kwenye ndoo katikati yao, mkia ukitokeza nje. Anton alianza habari za Tura kabla hawajafika barabara kubwa. Gaudensia alimwacha afike mpaka kwenye ng'ombe, kisha akamkata.

"Hizo jioni," alisema. "Vedasto alikuwa anafanya nini? Zaidi ya kukaa."

Anton alifikiri. "Alikula michembe. Viazi vikavu hivyo nilikuwa navichemsha na karanga."

"Vedasto hakupenda michembe. Miaka yote nilimpikia, anasogeza sahani."

"Kwangu alikula. Anamaliza, anauliza kama imebaki."

Gaudensia aligeukia nje. Barabarani watoto wa shule walikuwa wanatoka, soksi zao nyeupe zimekuwa nyekundu kwa vumbi. Alitazama soksi hizo mpaka zikaisha. Kisha akaona dereva amepita kona ya Kanyenye akiwa anachezea simu, akainama mbele, akamgonga begani, akamwambia kwamba kona aliyoiacha ilikuwa pale tangu kabla hajazaliwa, na ageuze.